Hodi ya Nne

Kwa siku ya tano mfululizo Aristides alitoka nje ya geti lake mwenyewe, akalirudishia, akafuta pua iliyokuwa ikichuruzika kwa baridi ya Julai, akaita, "Hodi."

Hakuna aliyeitikia, na nani angeitikia? Mwenye nyumba ndiye aliyekuwa nje. Ndani kulikuwa na kuku watatu, mparachichi, na mbwa mmoja aitwaye Popi, aliyejilaza mlangoni mwa banda akitikisa mkia kwa sababu sauti ya Aristides alikwisha kuijua. Aristides akaita mara ya pili, kisha ya tatu. Mkia ukaendelea kutikisika. Mwanamke aliyekuwa akipita na ndoo ya pumba kichwani alipunguza mwendo, akamtazama mzee mzima akibisha hodi kwake mwenyewe, kisha akaongeza mwendo kuliko mwanzo. Kufika jioni mtaa mzima wa Elerai ungekuwa na habari kwamba mzee wa mbwa sasa amerukwa na akili.

Tusimcheke haraka. Mtu hajipigii hodi kwa kupenda.

Popi alikuwa mbwa wa Derick na mkewe Hope, vijana wa Kirombo wanaofanya kazi za ofisini mjini na kukaa Njiro. Walimnunua akiwa mdogo wa kuingia kwenye kikapu cha sokoni, wakampa jina la mbwa wa kupakatwa, naye akawajibu kwa kukua hadi kimo cha ndama. Derick alimleta tarehe saba, akiwa amemfunga kamba mbili na bado anamwogopa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huyu ndiye?"

"Ndiye. Ametushinda, mzee. Sisi wa ndani hana shida na sisi, lakini mgeni akifika getini anageuka simba. Juzi kamng'ata shangazi yangu kwenye shavu la mguu. Sasa Hope anajifungua mwezi huu huu, na mama mkwe anakuja tarehe ishirini na nane kumlea mzazi. Unajua kwetu mtoto akizaliwa, watu hawakauki nyumbani." Derick akamtazama mbwa, halafu akaangalia pembeni. "Nimeshaongea na daktari wa mifugo. Ukishindwa wewe, tarehe ishirini na saba anakuja na sindano."

Aristides hakumlaumu. Aliyasikia maneno hayo kwa wengi, na wengi waliyasema huku wakicheka. Huyu angalau hakucheka.

Kazi hii aliijua vizuri kwa sababu aliianza kwa kuifanya kinyume. Miaka ishirini na miwili aliongoza mbwa wa kampuni ya ulinzi, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha wachukie watu. Mtu alivaa magunia mikononi, akamsogelea mbwa, mbwa akabweka, mtu akakimbia. Mara hamsini, mara mia, hadi mbwa akaamini kwamba dunia nzima hukimbia akifungua mdomo. Alipostaafu akaanza kubomoa alichokuwa amejenga. Mbwa wa watu waliletwa kwake wakiwa wanatetemeka, wanauma, wanajikojolea, naye akawarudisha wakiwa wanalala mchana kama mbwa wengine. Hakuwapigia kelele, wala hakushika fimbo. Silaha yake ilikuwa mapupu, yaani mapafu ya ng'ombe, anayachemsha, anayakata vipande vidogo, anayatia mfukoni, na ndiyo maana koti lake lilikuwa na harufu ambayo hata kanisani ilimtangulia, enzi zile alipokuwa akienda kanisani.

Kabla ya kumgusa mbwa, Aristides alikuwa na desturi ya kwenda kumtazama kwao. Kwa hiyo kesho yake alimrudisha Popi Njiro na kukaa naye jikoni kwa Derick kutwa nzima, kimya, na kikombe cha chai. Wenye nyumba walikuwa kazini. Alikuwepo Silantoi, dada wa kazi, aliyekatazwa kumfungulia mtu yeyote, maana siku hizi wezi nao wanavaa tai.

Saa nne akaja muuza maziwa. "Hodi." Popi akarukia dirisha, meno nje, povu mdomoni. "Hodi." Silantoi akaendelea kuosha vyombo. "Hodi." Kisha kimya, na nyayo zikaondoka. Ndivyo tulivyolelewa: hodi ni tatu, usipojibiwa unaenda zako bila kinyongo. Saa sita akaja mwingine, akaita mara tatu, akaondoka. Kufika saa kumi na moja walikuwa watano, wote watu wa adabu.

Lakini Aristides hakuwa akiwatazama wao. Alimtazama Popi baada ya kila mmoja kuondoka. Mbwa huyo hakutamba. Alikwenda chini ya ngazi, akajikunja, akatetemeka hadi mnyororo wa shingoni ukawa unalia.

"Huyu si mkali," Aristides alimwambia Silantoi. "Huyu ni mwoga aliyegundua dawa ya woga wake. Kila hodi ya tatu anadhani ni yeye kamfukuza mtu."

"Kwa hiyo anaumwa nini?"

"Anaumwa kushinda."

Tiba basi ilikuwa nyepesi. Alihitajika mgeni ambaye akishaita ya tatu haondoki. Anakaa pale pale nje, hamtishi mbwa wala hamkimbii, hadi mbwa achoke, avute pumzi, apate kipande chake cha pupu. Ndipo mgeni anaita ya nne, na mtu wa ndani anajibu karibu. Hivyo hivyo kila siku, kwa sauti za watu mbalimbali, hadi mbwa ajifunze kwamba mgeni aliyekaa hajamuua mtu.

Tiba ilikuwepo. Kilichokosekana ni wageni.

Hilo Aristides alikuwa hajawahi kulihesabu, na sasa lilimjia kama mtu anayetia mkono kwenye debe la unga na kukuta chini. Nani alikuja kwake? Msoma mita ya maji alisomea nje. Wauza mboga waliruka geti lake kwa sababu ya maneno MBWA MKALI, aliyoyaandika mwenyewe kwa rangi nyekundu. Binti yake Anneth, aliyeolewa Mwanza, alipiga simu kila Jumapili. Umekula, baba? Nimekula. Haya. Mbwa waliotangulia walikuwa na magonjwa mengine, wengine hofu ya pikipiki, wengine ya radi, na wote aliwatibu bila kumhitaji mtu. Huyu alitaka watu, na Aristides hakuwa nao.

Alijaribu ujanja. Alirekodi hodi kwenye simu, Popi akainusa simu na kuilamba. Alimwomba muuza mchicha aite mara moja tu na kusubiri. Yule mama akaita, Popi akaunguruma, mama akatimua mbio na mafungu mawili ya mchicha yakabaki barabarani, na Popi akawa mbaya zaidi kwa siku tatu. Ndipo mzee akaanza kujipigia hodi mwenyewe, na mnajua mkia ulivyomjibu.

Siku hiyo ya tano aliingia ndani, akafungua kabati la vyombo, akalitazama hotpoti la bluu lililokaa rafu ya chini kwa miaka miwili. Chini yake liliandikwa kwa rangi ya kucha: Tekla.

Tekla, au Mama Ludovick kama wote walivyomwita, alikuwa kiongozi wa jumuiya yao ya kanisa na alikaa nyumba ya nne kutoka pale. Kandida, mke wa Aristides, alipofariki, walimpeleka kuzika Rombo, na Aristides aliporudi Elerai peke yake jumuiya ilikuja kusali naye. Alikuwa sebuleni. Redio ilikuwa inasema. Alisikia hodi ya Tekla, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na akabaki ameweka mikono juu ya magoti. Hakuwa na ugomvi na mtu. Aliogopa tu kwamba wakiingia, mmoja wao atakalia kiti cha Kandida. Walipoondoka alikuta hotpoti getini, mtori wa ndani ungali wa moto. Aliula wote amesimama.

Angelirudisha wiki ile ile, ila chombo cha watu hakirudi kitupu, na yeye alichojua kupika kilikuwa ugali wa mbwa. Akasema ngoja mwisho wa wiki. Mwisho wa wiki ukawa mwezi. Baada ya mwezi aibu ilishakuwa kubwa kuliko chombo, akaanza kupita njia ya nyuma asipite mbele ya geti la Tekla. Jumuiya ilizunguka nyumba kwa nyumba kila Jumamosi, na ilipofika kwake ikamruka. Hakuna aliyemsema. Afadhali wangemsema.

Sasa alilijaza hotpoti mayai ya kuku wake, akavaa koti lisilo na pupu, akaenda. Mbele ya geti la Tekla alisimama muda mrefu kabla ya kuita.

"Karibu," sauti ilijibu kabla hajamaliza hodi ya kwanza.

Tekla alitoka akifuta mikono kwenye kanga. Alimtazama yeye, akalitazama hotpoti. "Baba Anneth. Za siku nyingi."

"Nzuri, Mama Ludovick. Nimeleta chombo chako."

"Nilishanunua kingine." Alifungua, akaona mayai, akafunga. "Asante. Ingia basi."

"Sikai. Nina shida." Akamweleza habari za Popi, tarehe ishirini na saba, sindano, na hodi ya nne. Aliongea haraka, kama anayesoma tangazo. Tekla alisikiliza hadi mwisho.

"Mtu mzima hapigi hodi mara nne, Baba Anneth. Ukishapiga tatu unajua hutakiwi."

"Mbwa naye amejifunza hivyo hivyo."

"Mimi nilipiga tatu kwako."

Aristides akatazama viatu vyake. Angeweza kusema alikuwa amelala, na Tekla angekubali, na maisha yangeendelea. "Nilisikia," akasema. "Nilikuwa nimekaa. Nilizisikia zote tatu."

"Redio tuliisikia na sisi," akasema Tekla. Jogoo wa jirani aliwika saa tisa mchana, mpumbavu kama majogoo wote. "Nije saa ngapi?"

Alikuja kesho yake saa kumi, na kwa kuwa magoti yalimsumbua, alikuja na kigoda chake. Hodi ya kwanza Popi akapasuka kwa hasira. Ya pili akaurarua mkeka wa bandani. Ya tatu akarukia waya hadi banda likatikisika, kisha akanyamaza kidogo, masikio juu, akisubiri nyayo ziondoke. Hazikuondoka. Kilichosikika ni kigoda kikiwekwa kwenye kokoto na mwanamke mzito akikikalia. Popi akabweka upya, safari hii kwa sauti ya kuuliza. Alibweka nusu saa. Tekla nje alisali rozari yake yote. Mwishoni mbwa alishusha pumzi moja ndefu, na Aristides akamrushia pupu.

"Hodi," akasema Tekla, ya nne.

Aristides akafungua geti bila neno.

"Si ulisema mtu wa ndani anajibu?"

"Karibu," akasema Aristides, akimtazama mbwa.

"Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema." Tekla akainua kigoda chake. "Hapa naona anayepona ni mbwa."

Siku ya pili ilichukua dakika ishirini. Siku ya nne, kumi. Siku ya sita Tekla alileta watu wengine wawili wa jumuiya wenye sauti tofauti, Popi akarudi nyuma hatua tatu, kisha akasonga mbele nne. Aristides hakulala vizuri, aliandika kila kitu kwenye daftari: aliyekuja, mbwa alibweka muda gani, alikula pupu au alilikataa. Mbwa mwenye hofu kubwa hali, na siku Popi alipokula huku mgeni yuko ndani ya geti, mzee aliingia chooni akalia kidogo, akanawa uso, akatoka.

Jumamosi ya tarehe ishirini na sita walikuja wote kumi na wawili. Jumuiya ilisali kwake, maana Tekla aliamua hivyo bila kumuuliza. Viti havikutosha. Aristides alitoa vya jikoni, akatoa benchi la kuoshea mbwa, na bado mama mmoja alibaki amesimama. Kikabaki kiti cha Kandida sebuleni, chenye kitambaa alichokifuma mwenyewe. Akakileta. Yule mama akakikalia, akajiweka sawa, akafungua kitabu cha nyimbo. Hakikutokea kitu. Kiti kilikuwa kiti. Popi alilala mlangoni mwa banda lililo wazi, kidevu juu ya miguu, watu kumi na wawili wakiimba mbele yake, na ncha ya mkia ikacheza mara mbili.

Tarehe ishirini na nane Aristides alikuwa Njiro. Daktari wa mifugo alikuwa ameambiwa asije, ila Derick alikuwa bado hajaamini, alisimama na kamba mkononi. Gari likasimama, mama mkwe akashuka na mkungu wa ndizi na sauti ya mtu aliyezoea kuitana kutoka mlima mmoja hadi mwingine. "Hodi!"

Popi akabweka mara mbili, akasita, akamtazama Aristides. Hodi ya pili. Akaketi.

"Karibu, mama," akaitikia Silantoi, akaenda kufungua, na bibi akapita na mkungu wake akilalamika kwamba mbwa mkubwa hivyo halindi chochote.

Hope alilia. Derick alimshika mzee mikono yote miwili. Kabla ya kuondoka, Aristides alimwita Silantoi pembeni. "Usimwache mtu afike hodi ya tatu bila kujibiwa. Hata kama hufungui, jibu. Mbwa asikie kuna mtu ndani."

Popi alimsindikiza hadi getini, akanusa mfuko wa koti, akarudi ndani kwa watu wake. Ndivyo inavyotakiwa. Mbwa aliyepona hakukumbuki, na Aristides alikuwa akiwaambia hivyo wenye mbwa kwa miaka mingi kana kwamba ni jambo la kufurahisha.

Alirudi Elerai na mnyororo mfukoni. Akafagia banda. Siku ya kwanza hakuja mtu, na ya pili pia. Saa kumi ilipofika alijikuta ameketi akisikiliza geti. Alijiambia ukweli bila kujionea huruma: walikuja kwa ajili ya mbwa, mbwa ameondoka. Jumamosi jumuiya ilikuwa kwa watu wengine, nyumba tatu tu mbele, na yeye alivaa viatu, akakaa navyo sebuleni hadi nyimbo zilipoisha, akavivua. Upweke wa zamani alikuwa ameuzoea. Huu ulikuwa mpya, umeonja watu, na ulimuuma zaidi.

Jumatano, redio ikisoma matangazo ya vifo, geti likagongwa.

"Hodi."

Aristides akaweka kikombe chini. Uani kulikuwa kimya kabisa, na ikamchukua muda kutambua anachosubiri. Alikuwa anasubiri mbwa abweke.

"Hodi."

Aliijua sauti. Wiki nzima aliijibu kila siku, lakini wakati ule ilikuwa kazi, alijibu kwa niaba ya mbwa. Leo hakukuwa na mbwa. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, pale pale ilipokaa miaka miwili iliyopita. Pengine anapita tu, akajisemea. Pengine anataka mayai.

"Hodi."

Ya tatu ikapita. Kimya kikaja, na nafuu ikaja nacho, ile nafuu ya mtu aliyeachwa salama. Hapo ndipo alipoona magoti yanatetemeka chini ya viganja vyake. Akamkumbuka Popi chini ya ngazi, na mnyororo ulivyokuwa unalia. Akapata uchungu ambao hajawahi kuupata hata Rombo, kaburini. Akasikiliza nyayo ziondoke.

Alichosikia ni miguu ya kigoda ikikita kwenye kokoto, na mtu akikikalia taratibu kwa ajili ya magoti.

"Hodi," akasema Tekla. "Hiyo ya nne, Baba Anneth. Rozari ninayo, na sina haraka."

Aristides akazima redio.

"Karibu," akasema, kwa sauti ndogo ambayo hata yeye hakuisikia vizuri, na nje ya geti hakuna aliyeondoka.